Barua ya wazi kwa wazee wetu: tamasha tuachieni, ila uwanja na ulezi tunauomba kwenu

Kwa wachungaji, mapadre na wazee wa makanisa ya mji wetu, na kwa viongozi wa halmashauri mnaohusika na utamaduni na viwanja,

Shikamooni wazee wetu. Bwana Yesu asifiwe, na kwa upande wa Wakatoliki Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika wazi hapa kwa sababu barua mbili za kamati yetu zilipokelewa vizuri tu, zikagongwa muhuri, alafu kimya mpaka leo. Na wakati huo huo tunasikia mtaani kwamba tamasha letu la kwaya la Agosti limeshaundiwa kamati kuu, lina mgeni rasmi, lina kiingilio, linahamia ukumbini, kuna msanii mkubwa anashushwa kutoka Dar, na sie tuliolianzisha tumewekewa viti viwili vya "wawakilishi wa vijana". Sina hasira na mtu, nyie ndio mmetubatiza na wengine mmetufundisha kuimba kabisa. Ila nikinyamaza hapa nitakua nawadanganya wenzangu ambao wamebeba mbao na viti kila mwaka bila kulipwa hata nauli.

Ngoja nianze na ilivyokua, maana nahisi wengi mlikuja tamasha likiwa limeshasimama na hamkuona lilikotoka. Sisi vijana wa kwaya za makanisa tofauti tulikua tunakutana sehemu moja tu, msibani. Akifa mtu mwenye ndugu wengi unakuta Moravian wapo, KKKT wapo, Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste, kila kwaya inaimba zamu yake turubai moja mpaka mwili unatoka. Huko ndio tulikua tunajuana, huyu anapiga kinanda vizuri, yule sauti yake ya nne balaa, wale wana mwalimu anayejua nota. Alafu tukizika kila mtu anarudi kwao mpaka afe mtu mwingine. Siku moja tumekaa tunasubiri chakula, dada mmoja wa sauti ya pili akauliza kwa nini lazima afe mtu ndio tuimbe pamoja, na hilo swali hakuna aliyeweza kulijibu.

Mtasema mashindano ya kwaya yapo. Ni kweli yapo na mi nayapenda, nimekulia humo, wimbo wa kupangiwa, wimbo wa kuchagua, majaji mbele na makaratasi yao. Yale yamejenga nidhamu kubwa ya uimbaji nchi hii na sitaki yafe. Ila mashindano ni ya ndani ya dhehebu moja, na yana maksi, na mkishatoka wa nane mnarudi kwenye gari hakuna anayeongea na mwenzake. Sie tulitaka sehemu ambayo kwaya ya kijijini inapanda jukwaa na hakuna anayewapa namba.

Kwaiyo tukaanza. Uwanja wa shule, jukwaa la milunda na zile mbao za kufungia zege, tuliazimwa na fundi mmoja wa ujenzi ambae sio hata msharika wa kanisa lolote letu, alisema tu tusizipigie misumari mirefu tukamrudishie zimepasuka. Tulifunga kwa kamba. Kina mama wakaleta sufuria zao wenyewe, mchele ulichangwa, mahindi yalichangwa maana tunafanya baada ya mavuno na wakati ule mtu hana hela mkononi ila debe la mahindi analo, tunakusanya madebe tunauza, ndio tunakodi mitambo na kununua mafuta ya jenereta. Hivo ndivyo bajeti yetu inavyokwenda mpaka leo. Wakristo wa mji huu wamelilipia tamasha kwa mahindi, na ndio maana kila anayekuja anajiona ni lake.

Sasa nije kwenye kiingilio, hapa ndipo panapotuuma zaidi. Elfu tano kwa mtu mwenye mshahara sio kitu, najua. Ila fikirieni ile kwaya iliyotoka Makete mwaka jana, walikuja nyuma ya Canter wamejifunika mablanketi kwa baridi, watu kumi na wawili, ngoma moja, kayamba na kipyenga. Waimbaji mnasema wataingia bure, sawa, lakini walikuja na mama zao, walikuja na watoto, walikuja na yule babu aliyetunga wimbo wenyewe ambae haimbi tena kwa sababu ya kifua. Huyo babu getini mtamdai elfu tano ili asikilize wimbo wake? Waliimba kwa Kikinga na nusu ya uwanja walikua hawaelewi hata neno moja, lakini watu walipiga kelele rudia, rudia, mpaka MC akaomba ratiba isogezwe na mimi ndio nilikua napanga ratiba nikaisogeza, na waliofuata walikua kwaya kubwa ya mjini yenye sare mpya na kinanda chao na hawakulalamika, walishuka chini wakaenda kucheza nao. Kitu kama hicho kinatokea kwa sababu hakuna geti. Ukiweka geti hata liwe la elfu moja, wa kwanza kubaki nje ni wale ambao sisi tulianza kwa ajili yao.

Na hela yenyewe ya kiingilio inaenda wapi? Kwa jinsi tulivyosikia inaenda kumlipa msanii na kumhudumia mgeni rasmi. Tamasha la bure halihitaji kiingilio, linahitaji kiingilio pale tu linapokua la gharama, na gharama zenyewe ni hizo mnazotaka kuziongeza. Mi naomba mlitafakari hilo kwa utulivu.

Kuhusu msanii. Hatuna neno baya na waimbaji wa injili wanaoishi kwa kuimba, ni kazi halali na wengine wametutia moyo sana. Tatizo letu ni sheria moja tuliyojiwekea tangu mwaka wa kwanza, kwamba jukwaani ni laivu. Hakuna kuimba juu ya flashi. Ukija na ngoma piga ngoma, ukija na kinanda piga kinanda, huna kitu imba kwa mdomo, mwalimu atoe sauti do-mi-so-do watu washike, twende. Nyie wenyewe mnajua hali ilivyo makanisani sasa hivi, kijana anapewa maiki, flashi inachomekwa, kila kitu kimeshaimbwa studio na yeye anachezesha midomo na kurukaruka. Vijana wadogo wanakua wakijua ndio uimbaji. Sisi kwenye tamasha tuna watoto waliojifunza nota ubaoni kwa ajili ya siku hiyo tu, kwa sababu walijua hakuna flashi ya kuwaokoa. Mwaka juzi umeme ulikatika na jenereta likagoma kuwaka, bendi ya matarumbeta ya Moravian ikasimama ikapiga wimbo wa kitabuni ambao kila dhehebu linaujua, uwanja mzima ukaimba sauti zote nne bila maiki. Msanii wa flashi hapo angefanyaje? Mtu yeyote mkubwa akitaka kuja aje, tutampokea kwa heshima zote, lakini apande zamu yake, dakika zake nane kama wengine, na aimbe laivu. Wapo wanaoweza.

Alafu wazee wangu, naomba msidharau udogo. Kila siku tukiwa wima tunaimba Mungu Ibariki Afrika, shuleni, bungeni, uwanja wa mpira. Sauti ya wimbo ule aliitunga Enoch Sontonga mwaka 1897, alikua mwalimu wa shule ya misheni kule Johannesburg, kijana wa miaka ishirini na kitu tu, alikua anawatungia nyimbo wanafunzi na kwaya yake na kuziandika kwenye daftari. Hakukua na kamati kuu. Alifariki 1905 kabla haujajulikana kama unavyojulikana leo, na ndio huo umekua wimbo wa taifa letu na wa Zambia na sehemu ya wimbo wa Afrika Kusini. Au tuje nyumbani, Ulyankulu kule Tabora, makazi yaliyofunguliwa 1972 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi, mitaa yake inaitwa kwa namba za barabara, na kutoka huko ikatoka kwaya ya Barabara ya 13 ambayo kaseti zake zilisikilizwa kwenye mabasi na majumbani mbali kabisa na Tabora. Nani angeenda kutafuta kwaya Ulyankulu kama angekua anatafuta jina kubwa?

Na hata huko nje mambo haya yameanza hivihivi. Uingereza kuna tamasha la Kikristo linaitwa Greenbelt, lilianzishwa na vijana mwaka 1974 kwenye shamba pale Charsfield, Suffolk, watu wa kwanza walikua kama elfu mbili hivi. Baadae likakua sana, likahama viwanja mara kadhaa, 1981 hata U2 walipanda jukwaani pale bila kutangazwa. Ninachotaka mkione ni kwamba nusu karne sasa bado linabebwa na watu wa kujitolea. Kukua sio kubaya. Ila halikuanza kwa kuwanyang'anya wale waliofunga kamba za jukwaa.

Ukumbi sasa. Mmesema uwanja wa shule sio salama na ukumbini kuna hadhi. Suala la usalama nalichukulia kwa uzito mkubwa na hapa nataka tuongee kama watu wazima. Tarehe 1 Februari 2020 pale Moshi, uwanja wa Majengo, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye ibada, wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Walikua waumini kama sisi, walikuja kuomba. Kila mwaka nikipanga ratiba nawafikiria wale. Na ndio sababu hasa hatutaki ukumbi, kwa sababu ule ukumbi mnaousema una mlango mmoja mkubwa na kamlango ka nyuma kenye kufuli, na watu wetu sasa hivi wanajaza uwanja wa mpira. Uwanja wa shule hauna ukuta pande tatu, mtu akizidiwa anatoka popote. Tunachokosa pale ni vitu viwili, watu wa huduma ya kwanza na taa za kutosha jioni, na hivyo halmashauri mnaweza kutusaidia kwa simu moja kwa Msalaba Mwekundu na nguzo mbili za taa. Kama kweli ni usalama basi tuanzie hapo.

Kuna jambo la video pia, nitalisema haraka. Tunasikia kamati mpya inataka kurekodi tamasha lote na kuuza. Naomba kabla hamjasaini na mtu wa kamera mkumbuke kwamba kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 wimbo ni wa mtunzi tangu alipoutunga, hata kama hajawahi kufika COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, hata kama anaishi kijijini na hana simu. Yule babu wa Makete ana haki yake. Huwezi kuchukua wimbo wake ukauza kisa alipanda jukwaa letu bure.

Mgeni rasmi sitasema mengi. Hatuna shida ya kumpokea kiongozi yeyote, mwaka wa kwanza mwenyekiti wa mtaa alikuja akakaa kwenye benchi na watoto na watu wanamkumbuka kwa hilo. Tunachoomba isiwe kwamba kwaya zimevaa sare tangu saa mbili asubuhi zinangoja msafara ufike saa saba, alafu hotuba saa nzima, alafu kwaya za vijijini zinaambiwa muda umeisha. Tumeliona hilo kwenye shughuli nyingi za mji huu na wanaokatwa siku zote ni wale wa mbali.

Sasa kuna mahali mna hoja na lazima nikubali bila kuzunguka. Mahesabu. Mmesema vijana hawana mtu wa kuwasimamia hela. Daftari letu lipo, lina kila debe la mahindi na jina la aliyetoa, risiti za mafuta na za mitambo zimebandikwa humo, na mwaka jana kilichobaki kilienda kununua ngoma mbili za kwaya ya watoto, lakini ni kweli hakuna mtu wa nje aliyewahi kulikagua. Tunataka akaguliwe kila mtu. Tupeni mhasibu mmoja kutoka kanisa lolote, mtu anayeheshimika, akae na mweka hazina wetu, na mahesabu yasomwe makanisani kote baada ya tamasha. Hilo tunaliomba wenyewe.

Na hoja ya pili ni kwamba vijana wanaondoka. Kweli tunaondoka. Mwingine anapata chuo Dodoma, mwingine anaolewa, mwingine anaenda kutafuta maisha Tunduma. Mnaogopa tamasha litakufa tukitawanyika. Mi naona dawa yake ni kutuletea vijana wengine wadogo zaidi waje wajifunze, kila kanisa litoe wawili, wawe wanabeba viti mwaka huu na mwakani wapange ratiba. UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo mashuleni, inaendeshwa hivyo hivyo, viongozi wanamaliza kidato wanaondoka kila mwaka, wanaingia wengine, na imedumu. Mkiwapa wazee kumi na tano nafasi zote za kamati, hao wadogo watajifunzia wapi?

Kwaiyo ombi letu ni hili, na nitalisema kama lilivyo kwenye zile barua mbili. Tamasha libaki la bure na libaki uwanja wa shule. Kamati ibaki ya vijana, na nyie mtupe walezi wawili, mmoja mchungaji au padre na mmoja mama mzee wa kanisa, wenye sauti kamili vikaoni na wenye haki ya kutuambia hapana pale tunapokosea. Mhasibu nimeshamtaja. Kwa upande wa halmashauri tunaomba kibali cha uwanja kisainiwe mapema, mwezi mmoja kabla, kwa sababu taarifa ya polisi sheria inatudai masaa 48 tu na hiyo tunaipeleka wenyewe siku zote bila tatizo, ila kibali cha uwanja mwaka jana tulikipata jana yake jioni, Canter za kwaya zikiwa zimeshalipiwa, na kuna kwaya mbili ziliahirisha safari kwa kuogopa kufika na kukuta limefutwa. Moja kati ya hizo ni ya walemavu wa macho ambayo ilikua imejiandaa tangu Pasaka. Walimu wao walitupigia simu, hatukua na cha kuwajibu.

Mwaka huu wameshathibitisha tena, pamoja na Wasabato ambao tumewapanga Jumapili mchana kwa kuwa Jumamosi ni siku yao ya ibada, na kwa mara ya kwanza kuna kwaya inaomba kuja kutoka Karonga upande wa Malawi, wanaimba Kinyakyusa kile kile cha huku kwa sababu ni watu wamoja wamegawanywa na mto Songwe. Hawa wanahitaji barua ya mwaliko yenye muhuri wa kanisa ili wavuke mpaka Kasumulu bila usumbufu. Sie vijana hatuna muhuri. Nyie mnao.

Tumesikia kikao chenu ni Jumatano baada ya ibada ya asubuhi. Tutakuja watatu, na daftari la mahesabu, na ratiba ya mwaka huu, na rasimu ya barua ya Karonga imeshachapwa inasubiri sahihi tu. Tukiambiwa tusubiri nje tutasubiri, ila tunaomba tuingizwe kabla agenda ya tamasha haijafungwa.

Wenu katika Kristo,
mpanga ratiba, kwa niaba ya vijana wa kujitolea